Tororo, njia panda ya reli nchini Uganda

Tororo iko mji wa mashariki mwa Uganda, karibu na Malaba, mpakani na Kenya. Ni kwenye stesheni yake ndipo reli inayotoka Mombasa inagawanyika.

Mkono wa kwanza unaenda magharibi: Jinja, halafu Kampala, ambako reli ilifika mwaka 1931. Mwaka 1956 iliendelea hadi Kasese, sababu ya shaba ya Kilembe. Toka Kasese hadi Kasindi ni kama kilomita 60 tu.

Mkono wa pili unapanda kaskazini: Mbale, Soroti, Lira, Gulu, mpaka Pakwach kando ya Nile, upande wa kuelekea Mahagi kwetu Ituri.

Kazi ya stesheni ya namna hii ni kutenganisha mabehewa. Treni inakatwa, ya Kampala yanafuata njia yake, ya kaskazini yanafungwa kwa mashine ingine.

Mikono yote miwili ilielekea Congo, lakini hakuna uliovuka mpaka. Treni za Kasese zilisimama miaka ya 1990. Ndiyo maana mzigo wa Beni na Butembo unafika kwa kamio, na kahawa na kakao yetu inatoka vilevile. Barabara ikiharibika ao Kasindi ikifungwa, bei inapanda sokoni.

Basi ukisikia reli ya Uganda inatengenezwa, uliza kwanza: ni mkono gani? Wa Pakwach unagusa Ituri. Wa Kasese ndio unaotugusa sisi.