Lile tangazo la gemu, na mtu niliyemsingizia

Najua nimepotea, ila wiki iliyopita imenipa kitu cha kuandika. Na kwa kuwa nasoma historia, mtanisamehe nikianzia mbali.

Jumanne tulikuwa na semina. Kundi letu ni watu watano, mwenye laptopu ni mimi, kwa hiyo slaidi zikawa kwangu, nimezifungua kwenye Chrome. Tumefika slaidi ya tatu, mara kwenye kona ya skrini, mbele ya mhadhiri na darasa zima, likachomoza tangazo la gemu: ngome inaungua, dada amevaa nusu, na maneno ya kuniita mfalme nikauokoe ufalme wangu. Nikalifunga. Likaja jingine. Darasa likavunjika mbavu. Mhadhiri akauliza kwa upole kama ufalme wangu hauwezi kusubiri semina iishe. Alama ni za kundi zima jamani, na wenzangu walinitazama jicho ambalo sijalisahau.

Nikarudi hosteli nimefura. Rumeti wangu huwa anaazima laptopu yangu usiku, basi nikamvaa: eti anacheza magemu na kamari kwenye kompyuta ya watu. Tena nilishawaambia wale wa kundi kuwa mchawi ni yeye. Akakana, akachukua daftari lake, akaenda kulala kwa jamaa zake chumba cha pili. Usingizi ukanipaa. Nikaanza kusoma.

Kumbe haya mambo yana historia ndefu. Matangazo ya kuchomoza yalizaliwa miaka ya 1990 Marekani, kwenye kampuni iliyoitwa Tripod, iliyowapa watu kurasa za bure. Kampuni moja ya magari ilichukia kuona tangazo lake limekaa ndani ya ukurasa wa mambo ya chumbani. Mfanyakazi wa Tripod, Ethan Zuckerman, akaandika msimbo wa kulifungulia tangazo dirisha lake lenyewe, lisionekane ni sehemu ya ukurasa ule. Nia yake haikuwa mbaya. Mwaka 2014 aliandika makala kwenye jarida la The Atlantic na kuomba radhi. Huyu ndiye yule aliyeanzisha Global Voices mwaka 2004 pamoja na Rebecca MacKinnon, shirika ambalo habari zake zimekuwa zikitafsiriwa hadi kwa Kiswahili. Kwa hiyo si mtu wa mbali na sisi.

Dirisha likishafunguliwa, kila mtu anataka kupita. Zikaja programu zinazokaa ndani ya kompyuta yako na kukuletea matangazo popote uendapo, wenyewe wanaziita adiwea. Gator ilikuja kama kitu cha kukukumbukia nywila zako, kumbe inakufuata na kukurushia matangazo juu ya kurasa za watu wengine. Mwaka 2002 wachapishaji wa magazeti makubwa, pamoja na Washington Post na New York Times, wakaipeleka mahakamani, na 2003 wakamalizana nje. Ikabadili jina ikawa Claria. Mwaka huohuo wa 2003 ilikuwa imeingiza dola kama milioni 90. Hapo ndipo nikaelewa: hawa si wahuni wa vichochoroni, ni ofisi zenye wahasibu.

Na gemu zilikuwa chambo tangu zamani. Zango, ya jimbo la Washington, iliwapa watu magemu na vikorokoro vya bure, na ndani yake ikapachika adiwea. Tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilisema programu zake zilipakuliwa zaidi ya mara milioni 70, zikatoa matangazo zaidi ya bilioni 6.9. Novemba 2006 Zango ikakubali kulipa dola milioni 3, na 2009 ikafunga milango.

Vivinjari navyo vilijikinga. Agosti 2004 sasisho la Windows XP liliipa Internet Explorer uwezo wa kuzuia madirisha ya kuchomoza, na Novemba Firefox 1.0 ikatoka na kinga hiyo. Mlango huo ukafungwa, wakatafuta dirisha. Mwanzoni mwa 2014 ikajulikana kuwa kuna watu wananunua viendelezi vya Chrome vyenye watumiaji wengi, kisha wanavitia matangazo kimyakimya. Wewe uliweka kitu kizuri, mwenye nacho akakiuza, umeuzwa pamoja nacho. Na 2015 Chrome ikaanza kuruhusu tovuti zikutumie arifa hata ukishaufunga ukurasa wake, mradi ulishabonyeza Ruhusu.

Hapo kwenye Ruhusu nikasimama. Nikafungua mipangilio ya Chrome, faragha, mipangilio ya tovuti, arifa. Pale pana orodha ya kila tovuti uliyoiruhusu. Ya kwanza niliitambua: wiki mbili nyuma nilikuwa natafuta kitabu cha kozi cha bure, tovuti ikaniambia nibonyeze Ruhusu nithibitishe kuwa mimi si roboti. Nikabonyeza. Mimi mwenyewe, saa nane usiku, rumeti wangu anakoroma.

Kwa mwenye tatizo kama langu, nilifanya hivi. Niliondoa ruhusa za arifa zote nisizozijua. Nikapitia viendelezi, nikafuta nisivyovikumbuka. Nikaangalia orodha ya programu za Windows, nikatoa moja iliyoingia pamoja na kibadilisha video cha bure. Nikahakikisha ukurasa wa kuanzia na injini ya kutafutia havijabadilishwa. Mwisho nikapitisha AdwCleaner, ya bure, ila ishusheni kwa wenyewe Malwarebytes, maana zipo za kughushi. Tangu hapo kimya. Na bando langu sasa linafika Ijumaa.

Alhamisi nikamfuata rumeti wangu, nikamwambia nimekosa, ni mimi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, mimi nimekusamehe. Ila ulinisema mbele za watu, na radhi uniombe mbele za watu."

Ana haki. Kundi nimeshawaambia. Na ninyi mnaonisoma, wengine mko jengo letu na stori mliipata, basi sikieni: jamaa hakucheza gemu lolote. Aliyeruhusu ni mimi. Zuckerman ilimchukua miaka kuomba radhi, mimi siku mbili, na bado naona nilichelewa.

Haya, nakimbilia maktaba. Tuko pamoja.