Tarikhi ya Mashine Iliyogoma Kuwaka

Katika misiba midogo ya zama hizi hapana unaomtahayarisha mtu mbele ya kazi ya mikono yake kuliko ule unaompata aliyenunua prosesa hapa, madabodi pale na kasha mahali pengine, akaviunga pamoja kwa subira, akaitumia kompyuta yake miaka kadhaa kwa furaha, kisha siku moja, baada ya kuuwekea mfumo toleo jipya au kuibadilisha prosesa kwa iliyo bora, akabonyeza swichi asione kitu ila feni zinazozunguka na skrini nyeusi. Aliyenunua mashine nzima humrudishia muuzaji. Aliyeiunda mwenyewe hana wa kumrudishia. Sharti aiulize mashine inaumwa wapi. Na tarikhi ya ufundi huu, tangu mwaka 1975 hata leo, kwa sehemu kubwa ni tarikhi ya jinsi mashine ilivyopewa ulimi wa kulijibu swali hilo, na jinsi ulimi huo ulivyofungwa tena.

Asili ya shida ni hii. Prosesa inapopata umeme haijui kuwa kuna diski wala haijui kuwa kuna skrini. Inajua anwani moja tu ya kwenda kusoma amri yake ya kwanza. Amri hiyo huita ya pili, na programu ndogo huita iliyo kubwa kuliko yenyewe, mpaka mfumo mzima unasimama, mfano wa ndoo ya maji inayopokezanwa mkono kwa mkono kutoka kisimani hadi penye moto, ambapo mmoja akiondoka mahali pake walio mbele hungoja bure, wala hawajui aliyeondoka ni nani. Na kila uboreshaji, uwe wa programu au wa chuma, humgusa mmoja wa wapokezi hao.

Altair 8800, iliyotokea katika jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975 na kuuzwa na kampuni ya MITS ya Albuquerque, Marekani, kwa dola 397 ikiwa vipande vya kuunganishwa nyumbani, haikuwa na mpokezi wa kwanza hata kidogo. Mwenyewe ndiye aliyekuwa mpokezi. Mbele ya kasha palikuwa na safu ya swichi na taa ndogo nyekundu: mtu alizipanga swichi nane juu au chini kuandika baiti moja, akaihifadhi, akaendelea na ya pili, hata akakimaliza kipakizi kifupi ambacho ndicho kilichoweza kusoma programu kutoka katika utepe wa karatasi. Kumbukumbu ilisahau yote umeme ulipozimwa, kwa hiyo kazi hiyo ilirudiwa tena na tena. Paul Allen alikuwa ndani ya ndege, akiipeleka Albuquerque lugha ya BASIC aliyoiandika pamoja na Bill Gates, alipotanabahi kwamba hawakuandika kipakizi hicho. Akakiandika kwa tarakimu za mashine wakati ndege inakaribia kutua, na lau asingekumbuka, kazi yao yote ingebaki matundu juu ya utepe. Walakini taabu ile ilikuwa na fadhila yake, kwa kuwa taa zilionyesha baiti iliyomo katika kila anwani, na aliyekosea swichi moja aliweza kuliona kosa lake kwa macho.

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, iliyobuniwa Boca Raton katika jimbo la Florida, na humo mpokezi wa kwanza alikuwa amekwisha kuandikwa ndani ya chipu isiyosahau, naye akaitwa BIOS. Kabla ya kuitafuta disketi, BIOS ilivikagua viungo vyake. Ikiridhika, ililia mara moja kwa sauti fupi. Isiporidhika, iliandika namba: 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi, 601 kwa disketi. Na kama ubovu ulikuwa katika kadi ya skrini yenyewe, ambapo maandishi hayawezekani, ililia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Fundi alizihifadhi namba hizi kwa ghibu. Aliyeongeza RAM alipaswa pia kuzipanga upya swichi ndogo zilizokuwa juu ya madabodi, ziseme kiasi kipya. Akisahau, RAM aliyoilipia haikuonekana, na akitia chumvi, 201 ilimkabili. Mwaka 1984 ilipokuja IBM AT, hesabu hizo ziliondolewa katika swichi zikatiwa katika kumbukumbu ndogo inayolishwa na betri, na hapo likazaliwa gonjwa lililodumu miaka mingi: betri hufa, mashine husahau ina diski ya namna gani, na chombo kizima, chenye data salama, hukataa kuwaka kwa ajili ya kipande cha bei ndogo kuliko vyote. AT ilikuwa na adabu ya kulitaja gonjwa hilo, kwa namba 161.

IBM iliichapisha BIOS yake mstari kwa mstari katika kitabu cha mafundi, ila haki ya kuinakili ikaizuia. Wahandisi wa Compaq wakaandika ya kwao inayotenda yale yale bila kunakili, na mashine yao ikaanza kuuzwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata kampuni ya Phoenix ilianza kumwuzia BIOS kila mwenye kiwanda aliyeitaka. Hapo ndipo desturi ya kuunda kompyuta kwa vipande vya viwanda mbalimbali ilipopata msingi wake, na hapo ndipo lugha ya milio ilipogawanyika lahaja: AMI waliihesabu milio yao mfululizo, Phoenix waliipanga kwa mafungu yenye vituo kati yake, na mlio uliokuwa habari ya kumbukumbu katika bodi hii ulikuwa habari nyingine katika bodi ile. Aghalabu ugonjwa wenyewe ulikuwa RAM isiyokaa sawasawa, na wapo mafundi wa Kariakoo na wa Barabara ya Luthuli ambao hadi leo huanza kwa kuichomoa na kuyasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, dawa ambayo wenye vyeti huicheka kabla ya kuitumia wao wenyewe.

Lakini sura ninayoipenda kuliko zote katika tarikhi hii ni ile ya LILO. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, ilipata wafuasi wengi miongoni mwa watu wa mashine za kujiundia, na kipakizi chake kilichoenea mapema, LILO, kiliandikwa na Werner Almesberger. Sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, na katika hizo programu imeachiwa 446 tu, kwa maana zilizobaki ni daftari la migawanyo ya diski na alama ya kuhitimisha. Katika nafasi finyu kama hiyo hapana mahali pa sentensi za kueleza kosa. Kwa hiyo kipakizi kililiandika jina lake chenyewe, herufi moja baada ya nyingine, kila herufi ikiwa shahada kwamba hatua fulani imekamilika. Ilipotokea L peke yake, sehemu ya kwanza iliamka lakini haikuweza kuipakia ya pili. LI ilimaanisha kuwa ya pili ilipakiwa lakini ikashindwa kutenda. LIL, kwamba ya pili ilianza kazi ila haikuweza kulisoma jedwali lake katika ramani ya diski. Na kistari kikifuata, LIL-, jedwali lilikuwa limeharibika. Jina lilipotimia, hatari ya kipakizi ilikwisha. Sijaona bado ripoti ya ugonjwa iliyofumbatwa mahali padogo namna hii na ikafaa kiasi kile.

Kasoro yake nayo ilikuwa kubwa. LILO haikujua kusoma mafaili. Ilichokihifadhi ni namba za mahali ilipolala keneli, yaani kiini cha mfumo, katika diski siku ile mwenyewe alipotoa amri ya kuiandika ramani. Mtu aliyeweka keneli mpya juu ya ya zamani, akasahau kuitoa amri hiyo tena, alikuwa na faili lenye jina lile lile katika folda ile ile, ilhali ramani ilielekeza mahali palipokwisha kuhamwa. Naye hakupata habari mpaka alipozima na kuwasha. Pia BIOS ilikuwa imepewa biti kumi tu za kuhesabia silinda za diski, yaani hesabu haikupita 1024, na diski zilipokua ikawa keneli ya zamani, iliyoandikwa karibu, huwaka, na mpya, iliyoangukia mbali, haiwaki, bila tofauti nyingine baina yao. Ndiyo sababu watu walizoea kutenga sehemu ndogo mwanzoni mwa diski kwa ajili ya keneli peke yake, na wapo wanaoitenga hata sasa, ingawa sababu ile imekwisha kuondoka. Mwenye busara aliiacha keneli ya zamani katika orodha chini ya mpya, na kando ya mashine akaweka disketi ya uokozi.

Kipakizi cha GRUB, kilichoanzwa na Erich Boleyn mwaka 1995, kilijifunza kusoma mafaili chenyewe, na kosa la ramani likafa. Makosa mengine yakazaliwa. Kati ya mwaka 2006 na 2007 keneli ilibadili njia ya kuendesha diski za mtindo wa zamani, na diski iliyoitwa hda ikaamka ikiitwa sda; mashine zilizoandikiwa jina la kale zikaitafuta diski iliyokuwa mbele yao zisiione, mpaka mifumo ikazoea kuitambua diski kwa namba yake ya kipekee, ambayo haibadiliki.

Katika muda huo BIOS yenyewe ilikuwa inazeeka. Intel ilibuni mrithi wake kwa ajili ya prosesa za Itanium, na tangu mwaka 2005 urithi huo, kwa jina la UEFI, umekuwa amana ya baraza la makampuni mengi. UEFI husoma sehemu maalumu ya diski, huiweka orodha ya vipakizi katika kumbukumbu ya madabodi, na tangu ilipokuja Windows 8 mwaka 2012 imezoeleka kudai kila kipakizi kiwe na sahihi inayokubalika. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni kwamba wakati uo huo nembo ya kiwanda ilitandazwa juu ya maandishi ya ukaguzi, spika ndogo ikaachwa isitiwe katika kasha, na mashine yenye elimu kubwa kuliko zote ikawa ndiyo isiyosema.

Ukimya huo ulidhihirika kwa namna ya ajabu mwaka 2018. AMD ilikuwa imeahidi kwamba tundu lake la AM4 litapokea prosesa za vizazi kadhaa, na ahadi ilitimizwa; lakini bodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa mpya haikuijua prosesa hiyo mpaka programu yake isasishwe, na bodi nyingi hazikuweza kusasishwa bila prosesa inayofanya kazi. Mnunuzi akakaa na bodi mpya na prosesa mpya, vyote vizima, visivyojuana. Dawa iliyotolewa na AMD ilikuwa kumwazima mtu prosesa ya zamani kwa posta, aitie, asasishe bodi, kisha airudishe. Mwaka uliofuata ikaonekana pia kuwa chipu za baadhi ya bodi ni ndogo mno kuzibeba habari za vizazi vyote, hata prosesa za kale zikafutwa ili mpya zipate nafasi, na aliyesasisha bila kusoma akaifungia nje prosesa aliyokuwa akiitumia.

Mnamo Julai 2020 pigo likatoka upande wa programu: dosari ya usalama iliyoitwa BootHole iligunduliwa ndani ya GRUB, na viraka vya kuiziba vilivyotolewa kwa haraka viliziacha mashine nyingi za Red Hat Enterprise Linux na za CentOS zisiamke baada ya kuvipokea. Waliofuata maagizo ya usalama kwa utii ndio waliokwama, na waliochelewa wakapona.

Sasa viwanda vimeanza kuurudisha ulimi, ila kwa bei. Bodi ya wastani hupewa taa nne kando ya RAM, ya prosesa, ya kumbukumbu, ya skrini na ya diski, na ile inayobaki ikiwaka humwonyesha fundi hatua iliyokwama; bodi za thamani hupewa kidirisha cha tarakimu mbili kinachobadilika kila hatua. Asiyemudu hizo huchomoa kila kitu, akaacha prosesa, kipande kimoja cha RAM na umeme, kisha kama pini nne za spika bado zipo juu ya madabodi, huchomeka kispika cha bei ya kikombe cha chai, akasikiliza.