Kabla Uhamie Kwa Boti, Skiza Hii Story

Ilianza na video. Saa nane usiku, bando inakaribia kuisha, nikaona jamaa na mpenzi wake wanaishi ndani ya boti kule Uingereza. Jiko dogo la kuni, kikombe cha chai, bata wanapita dirishani. Chini yake watu wameandika "hakuna kodi!" kama wimbo. Mimi niko kwa single yangu ya kumi kwa kumi, tarehe tano inakuja na sina hata nusu ya pesa. Nikasema manze, hii ndio maisha.

Wiki nzima sikurekodi kitu kingine. Nilikuwa nasoma mtu achague boti gani akitaka kuishi ndani. Shida ni kwamba kila jibu lilinirudisha nyuma hadi karne ya 18. Kwa hivyo leo ni history. Msikimbie, hakuna mtihani.

Kitu cha kwanza wanakwambia uangalie ni upana. Hizo boti nyembamba zina upana wa futi 7 hivi, kama mita 2.1. Nilidhani ni staili tu. Zii. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, wa kupeleka makaa ya mawe Manchester, na kila tajiri akataka mfereji wake. Injinia wao alikuwa James Brindley. Sasa Uingereza ina vilima, na boti haipandi kilima. Dawa yake ni kujenga chumba cha maji chenye malango mbele na nyuma: boti inaingia, lango linafungwa, maji yanajazwa, boti inainuka, inatoka upande wa juu. Chumba kikubwa kinakula maji mengi na pesa nyingi. Brindley akaamua mifereji mingi ya katikati ya nchi iwe na vyumba vyembamba, vya kutosha boti ya futi 7 kwa futi 70 na kidogo.

Enyewe fikiria hiyo. Mtu alibana matumizi zaidi ya miaka 250 iliyopita, na mpaka leo yeye ndiye anaamua kitanda chako kiwe na upana gani. Ukinunua boti pana utakaa vizuri, lakini mifereji myembamba hutapita. Ukichukua ya futi 70, kuna sehemu za kaskazini ambapo vyumba vya maji ni vifupi, utakwama. Ndio maana wengi wanaotaka kuzunguka karibu kote wanachagua ya futi 57. Yaani boti unaichagua kwa kuangalia njia kwanza, halafu sebule.

Lakini nani aliishi humo kwanza? Mwanzoni wanaume wengi wa boti walikuwa na nyumba nchi kavu, boti ilikuwa kazi tu. Halafu reli zikaja, kuanzia miaka ya 1830. Treni ilikuwa na kasi, bei za kubeba mizigo kwa maji zikaanguka, na malipo ya mabaharia wa mfereji yakabanwa. Baba akikosa pesa ya kodi na ya kulipa msaidizi, anafanya nini? Anahamisha mke na watoto kwa boti. Kodi imeisha, na wafanyakazi wa bure wamepatikana.

Familia haikupewa boti yote. Mzigo ulichukua karibu kila kitu, watu wakaachiwa kijumba pale tezini, urefu futi 10 hivi, upana usiofika 7. Ukiingia, jiko liko mlangoni. Mlango wa kabati ukiushusha, unakuwa meza. Usiku kabati lingine linafunguka, linakuwa kitanda cha baba na mama. Watoto wanabanana kwa benchi ya pembeni. Nilipima single yangu na hatua za miguu nikacheka vibaya. Mimi peke yangu niko na nafasi kubwa kuliko familia nzima. Na bado hao watu walipaka milango maua na makasri, shaba ikang'arishwa, vitambaa vya lesi vikatundikwa. Umaskini ulikuwepo, lakini uchafu hawakuukubali.

Kilichonigusa ni watoto. Boti haisimami, kwa hivyo leo uko mji huu, kesho mwingine. Shule utaenda lini? Wengi walikua bila kujua kusoma. Mwanaharakati mmoja, George Smith, akapiga kelele mpaka Bunge likapitisha sheria mwaka 1877: boti ya kuishi isajiliwe, na idadi ya watu ndani iwe na kikomo. Mwaka 1884 wakaongeza makali ya ukaguzi.

Hapo ndipo nilimpigia mamangu kumwambia ndoto yangu. Nikamweleza kwamba siku hizi, kwa sheria ya 1995, mtu asiye na mahali pake pa kuegesha boti hawezi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa awe na sababu ya maana. Lazima asonge. Akanyamaza kidogo. "Wewe tulihama nawe mara saba ukiwa primary," akasema. "Ulikuwa unapenda?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nalia kila mara. Kila shule mpya wako mbele yangu kwa hesabu, na nadhani hiyo ni sehemu ya sababu niliingia campo nikiwa nimechoka tayari.

Sasa ile boti ya kwa video ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwa injinia L.T.C. Rolt. Mwaka 1939 yeye na mkewe Angela waliondoka na boti iitwayo Cressy. Badala ya mzigo, Rolt aliweka nyumba, hadi bafu. Kitabu chake cha 1944, Narrow Boat, kiliwapa watu hamu, na mwaka 1946 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuokoa mifereji. Lakini baridi kali ya 1962 na 1963 iligandisha mifereji kwa wiki nyingi, na biashara ya mizigo karibu ikafa. Familia za boti zilishuka nchi kavu wakati watu wa kupenda wanapanda.

Cressy ilikuwa ya mbao na ilioza, Rolt akaiacha mwaka 1951. Leo wengi wanachukua ya chuma, na hata hiyo usilipe kabla itolewe majini na fundi apime unene wa chuma. Uliza choo kinamwagwa wapi. Simama wima ndani. Piga hesabu ya leseni, bima na makaa ya baridi. Ile "hakuna kodi" ina risiti nyingi.

Sijasema boti ni mbaya. Nasema kuna mtu anachagua kuhamahama, na kuna mtu anahamishwa, na kwa video wote wanaonekana sawa.

Kodi nililipa tarehe tisa. Mwenye nyumba alinuna, lakini niko hapa bado, mwaka wa pili sasa, mlango uleule. Sijawahi kukaa mahali pamoja hivi.