Mwezi, Giza na Malezi ya Wavuvi wa Uvira

Katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ulipo mji wa Uvira wa Kongo, uvuvi wa ndagala huendeshwa kwa hesabu ya mwezi. Ndagala ni samaki wadogo wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mchana hushuka kilindini, na usiku hupanda juu wakifuata vijidudu wanavyokula. Usiku wa giza, mwanga wa taa huwavuta na kuwakusanya chini ya mtumbwi. Mbalamwezi ikitapakaa juu ya maji yote, taa haina tena nguvu ya kuwakusanya, na samaki hutawanyika. Ndiyo maana kwa siku kadhaa, kabla na baada ya mwezi mpevu, mitumbwi mingi hubaki ufukweni.

Siku nyingine za mwezi nazo zina kanuni zake. Mwezi mchanga huzama mapema, hivyo wavuvi hungoja uzame ndipo wawashe taa. Ukifika nusu, huzama karibu na saa sita ya usiku. Baada ya kupevuka, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Hapo mitumbwi hutoka jioni ili wavu uvutwe kabla mwanga haujapanda. Mzunguko mzima, kutoka mwandamo hadi mwandamo, huchukua siku 29 na nusu.

Kabla ya taa za mafuta, mwanga ulitokana na kuni na matete makavu yaliyowashwa mtumbwini. Samaki waliokusanyika walichotwa kwa lusenga, wavu mpana wenye umbo la pia, uliofungwa kwenye duara la mti na mpini mrefu. Mitumbwi ya magogo ilichongwa hasa na Wagoma wa pwani ya magharibi, kwenye misitu yenye miti mikubwa. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliofika Uvira Aprili 1858 walisafiri kwa mitumbwi ya namna hiyo.

Enzi hiyohiyo ya misafara ilileta hesabu nyingine ya mwezi. Wafanyabiashara wa pwani ya Bahari ya Hindi waliokaa Ujiji, na baadaye watu wa mfanyabiashara Rumaliza waliotawala sehemu kubwa ya kaskazini ya ziwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1890, walikuwa Waislamu wenye mwaka wa siku 354 au 355. Katika falaki, yaani elimu ya nyota, ya Waswahili, herufi za jina la mtoto na la mama yake hupewa thamani ya nambari, zikajumlishwa na kugawanywa kwa 12. Baki huonyesha nyota yake kati ya buruji. Mwezi nao hupita vituo 28, na siku unapokuwa katika Akrabu, yaani Nge, wengi waliepuka kufunga ndoa au kuanza safari. Falaki hiyo ilimhesabia mtu bahati yake tangu kuzaliwa.

Ufukweni, hata hivyo, mwezi ulimlea mtoto kwa kazi. Siku za giza, alfajiri huanza kwa mitumbwi kurudi, na watoto husaidia kuanika ndagala juu ya mchanga, kuwageuza na kufukuza ndege. Siku za mbalamwezi ni za nyavu kushonwa, mitumbwi kuzibwa nyufa, na watoto kucheza nje hadi usiku. Kijana huanza kwa kufua maji mtumbwini, kisha hushika kasia, hatimaye taa na wavu. Kwa mama muuza samaki, giza ni wakati wa fedha, na mbalamwezi ni wakati wa madeni. Ada ya shule, chakula na mahari vyote hupangwa kwa kuangalia mwezi umefika wapi.

Miaka ya 1950 ilibadili vyombo, si kalenda. Baada ya msafara wa utafiti wa Wabelgiji wa 1946–1947, Uvira ilipata kituo cha utafiti wa ziwa, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Karabai zilichukua nafasi ya moto wa kuni. Mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, yenye wavu mkubwa unaoshushwa katikati na kuvutwa juu, ilianza kuizidi lusenga. Wagiriki wa Bujumbura, wakati huo Usumbura, walileta meli za nyavu za kuzungushia. Ndagala wakavu walipelekwa mpaka migodi ya Katanga.

Vita vilivyoanzia maeneo ya Uvira mwaka 1996 vilivuruga uvuvi wa usiku, kwa kuwa taa inayomwita samaki humwonyesha pia mvuvi kwa mwenye bunduki. Katika miaka ya karibuni taa za betri na za sola zimeenea, zikipunguza gharama ya mafuta. Ziwa lenyewe pia limebadilika. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji yanapata joto, hivyo rutuba ya kilindini haipandi juu kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Mwaka huohuo Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulilinda ziwa kwa pamoja.

Falaki ilimpa mtoto nyota, lakini ni giza na mbalamwezi ya ziwa vilivyompangia kazi, mapumziko na mapato hadi uzee. Mapumziko hayo ya kila mwezi huliachia ziwa nafasi ya kupumua bila askari wala faini. Taa zinapozidi kuwa kali na samaki kupungua, hiyo ni desturi inayostahili kulindwa na kila mwenye mtumbwi.