Msasa

Msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina. Leo fundi wa Gitothua, Ruiru, akitaka kufufua rangi iliyopauka ya Peugeot 504, hupiga msasa namba 2000, laini kabisa, kwa maji, ndipo apake polishi na kusugua. Kitambaa kikishika rangi ya gari, apunguze mkono: gari nyingi za enzi za 504 hazina vanishi juu, kwa hiyo anakula rangi yenyewe. Wahariri wenzangu, nasi husema tunapiga msasa habari, lakini anayeandika upya habari nzima hajaipiga msasa. Tuseme ameiandika upya.