Mpembeo, kwa Ushahidi wa Mbuni

Tukisema bei inayumba au kiongozi anayumba, tunamaanisha hatujui atakapoangukia. Kwa hiyo kuita osilesheni ya wanasayansi “kuyumba” kunapotosha. Osilesheni ni badiliko linalojirudia pande mbili za hali moja ya katikati. Anayeyumba huenda asirudi, ilhali osilesheni haipo pasipo kurudi. Neno ninaloliona linafaa ni mpembeo, kwa kuwa pembea iliyosukumwa hurudi katikati, na kasi iliyokwisha kuipata huivusha hadi upande wa pili.

Maana hiyo haikufungiwa maabara. Runyenjes, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hulimwa kahawa ya arabika, na mbuni wa arabika huzaa hasa kwenye sehemu za matawi zilizokua msimu uliotangulia. Ukizaa kupita kiasi, matunda humaliza akiba ya chakula cha mti, machipukizi huwa machache, na mavuno yanayofuata huwa haba. Katika uhaba huo mti hupata nafasi ya kukuza matawi, nayo mwaka unaofuata hulemewa tena. Kinachourudisha ni uzazi wake wenyewe. Kinachouvusha wastani ni ule msimu mzima unaopita kati ya tawi kukua na tawi kuzaa. Kupogoa vizuri na kutia mbolea hupunguza upana wa mpembeo huo.

Atatokea wa kusema kwamba mti hauendi popote, na kupembea ni mwendo. Lakini fizikia yenyewe haikudai mwendo wa mahali: katika umeme wa majumbani nchini Kenya, kinachopembea mara 50 kwa sekunde ni volteji, ikipita sifuri kwenda chanya na hasi. Pingamizi zito zaidi ni neno “mtetemo”, ambalo limeshazoeleka. Linaufaa uzi wa gitaa, wenye mwendo mdogo wa haraka. Mavuno ya miaka miwili hayatetemi. Mtetemo na uwe aina mojawapo ya mpembeo.

Na bei ya kahawa? Ilipaa baada ya jalidi kuiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975. Kupaa huko peke yake ni msukumo mmoja. Mpembeo huanza wakulima wanapopanda kwa kufuata bei nzuri, mibuni ikakawia miaka kama mitatu kuzaa, kisha kahawa ikajaa sokoni na bei ikashuka kuliko walivyotarajia. Basi anayemwambia mkulima kwamba bei inapembea amwonyeshe pia kinachoirudisha.