VIELELEZO VYA NDEGE ZA KIVITA: MCHEZO AU ELIMU?



Wako wanaodhani kwamba kutengeneza vielelezo vya ndege za kivita, viwe vya mti au vya kompyuta, ni kupoteza wakati. Historia yatufundisha vingine, na sehemu ya historia hiyo ilitokea katika Kanda yetu hii ya Ziwa.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Uganda ilirusha ndege za MiG kutoka Muungano wa Kisovieti. Zetu nyingi zilitoka China, zikiwa zimeundwa kwa kufuata MiG hizo hizo. Katika siku za mwanzo za vita, ndege zetu 3 zilizokuwa zikielekea Mwanza zilidhaniwa kuwa za adui, zikatunguliwa na mizinga yetu wenyewe karibu na Musoma. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini kila nikilifikiria jambo hili huuliza: mpiga mzinga mwenye sekunde chache ataitambuaje ndege?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa kwingine. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliziomba shule za sekondari vielelezo 500,000 vya ndege, vya kuwafundishia askari kutambua maumbo. Kipimo kilikuwa 1 kwa 72. Hesabu yake ni rahisi: kielelezo kilicho mita 10 mbele yako huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. MiG-21, yenye upana wa mita 7.15 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, huwa na upana wa sentimita 10 hivi. MiG-17, yenye mita 9.63, hufikia sentimita 13. Ya kwanza ina mabawa ya pembetatu, ya pili mabawa yaliyolala nyuma. Aliyezishika mkononi hazichanganyi tena.

Sisemi kwamba vielelezo peke yake vingewaokoa marubani wetu. Ndege za ukoo mmoja hufanana, na umbo halitaji mwenyewe. Habari za safari hazina budi kuwafikia walio kwenye mizinga. Lakini kujua mpaka wa kile ambacho jicho laweza kutambua nako ni elimu.

Upande wa marubani, mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alibuni mashine ya kujifunzia urubani bila kuondoka ardhini. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, hivyo Link alitumia mivukuto ya vinanda kukiinamisha chumba cha rubani. Mwaka 1934 Jeshi la Marekani lilipokabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani kadhaa walikufa katika hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua mashine hizo.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Mwaka 2014 ilitolewa MiG-21bis kwa ajili ya programu ya DCS World. Kuichora ndege na kuipaka rangi ni sehemu moja tu. Mtengenezaji hana budi kuhesabu uzito, msukumo wa injini, nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa, tena na tena kila sekunde. Bawa la pembetatu likikata kona kali hupoteza mwendo upesi. Kielelezo kisichofanya hivyo ni kinyago, hata kingependeza namna gani. Msingi wa hesabu hizo ni fizikia ile ile mnayofundishwa darasani.

Basi, vijana wa Nyarugusu, anzeni na kipande cha mti, rula na kisu. Tengenezeni MiG-17 na MiG-21, mziweke maktaba pamoja na maelezo ya yaliyotokea karibu na Musoma. Atakayezielewa vizuri hizo za mti atakuwa na la kuiambia kompyuta.